Kinachovuka Mlangoni: Historia ya Doki na Skrini Nyingi

Mteja ananunua habu yenye matundu mawili ya HDMI, anachomeka monita mbili, na zote zinamwonyesha picha ileile. Mwingine anawasha, moja inafanya kazi na ya pili inabaki nyeusi. Wa tatu anapata picha mbili tofauti kama alivyotaka, ila kishale cha kipanya kinakwenda kwa kurukaruka. Kila mmoja anarudi dukani akiwa na hakika kwamba ameuziwa feki, na muuzaji, ambaye ameiona habu ya aina hiyohiyo ikifanya kazi vizuri kwenye laptopu ya mtu mwingine, anaapa kwamba ni nzima. Mara nyingi wote wawili wana haki. Chanzo cha ugomvi wao ni safari ya zaidi ya miaka 30 ambayo doki la kompyuta mpakato limepitia. Doki lilianza likiwa nusu ya kompyuta, lina mitambo yake lenyewe ya kuchora picha. Kisha likanyang'anywa mitambo hiyo polepole, na kadiri lilivyonyang'anywa ndivyo matundu yake yalivyoongezeka. Kwa hiyo anayechagua doki la kuendeshea skrini kadhaa kwa kuhesabu matundu anahesabu kitu ambacho kilikwisha kuacha kuwa na maana. Swali la kuuliza ni kitu gani hasa kinachovuka kutoka kwenye laptopu kwenda kwenye doki, na jibu lake limebadilika angalau mara nne tangu 1992.

Kabla ya hapo hesabu ilikuwa nyepesi: kadi moja, skrini moja. IBM PC ya 1981 iliuzwa na kadi za picha za aina mbili, MDA kwa maandishi ya rangi moja na CGA kwa picha za rangi. Kwa kuwa kila kadi ilitumia sehemu yake ya kumbukumbu, zote mbili ziliweza kukaa ndani ya sanduku moja bila kugombana, kila moja na monita yake. Waandishi wa programu waliupenda mpangilio huo: programu ilikimbia kwenye skrini ya rangi, na makosa yake yakafuatiliwa kwenye ile nyingine. Mwaka 1987 Macintosh II ilikuja na nafasi sita za kadi, na mtu aliyekuwa na fedha aliweza kupanga monita kadhaa na kulitandaza dawati moja juu ya zote. Windows ilichelewa sana. Uwezo huo ulifika kwa watumiaji wa kawaida na Windows 98. Wakati wote huo mwenye kompyuta aliyetaka kujua anaweza kuwa na skrini ngapi alifungua kasha, akahesabu kadi. Dalili ya kwanza kwamba hesabu hii ingevurugika ilikuja 1999, Matrox ilipotoa G400, kadi moja yenye matundu mawili, kila tundu na picha yake. Kuanzia hapo tundu na uwezo wa kuchora vikawa vitu viwili, ingawa wakati huo havikuwa mbali kimoja na kingine.

Kompyuta mpakato ilikuwa na shida yake. Ilipendwa kwa wepesi, na wepesi ulipatikana kwa kuacha vitu nje. Compaq mwaka 1990 iliiuza LTE 386s/20 pamoja na sanduku la mezani ambalo laptopu ilichomekwa ndani yake, lakini aliyelipeleka wazo hilo hadi ukomo wake ni Apple, Oktoba 1992, kwa PowerBook Duo. Mashine yenyewe ilikuwa na uzito usiofika kilo 2, jambo la kustaajabisha kwa enzi hiyo, na ili kufika hapo waliondoa karibu kila kitu: haikuwa na diski za kuchomeka, haikuwa na hata tundu la monita. Nyuma kulikuwa na mlango mmoja wenye zaidi ya pini 150. Ofisini mtu aliifunga Duo, akaisukuma kwenye upenyo wa sanduku liitwalo Duo Dock, na injini ndogo ikaivuta ndani kama deki inavyoimeza kanda ya video. Sanduku lilikuwa na ufunguo wa kulifunga, na juu yake ndipo ilipokaa monita. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu maalumu ya picha, kilobaiti 512 zilizoweza kuongezwa hadi megabaiti 1, nafasi mbili za kadi kama zile za Macintosh II, na pahali pa kuweka chipu ya kusaidia hesabu. Zile pini zilikuwa ni njia kuu ya prosesa yenyewe iliyotolewa nje. Laptopu haikupeleka picha kwenye doki. Ilipeleka amri, na doki likachora. Aliyetaka monita ya ziada alinunua kadi, akaiweka ndani ya doki. Laptopu yake haikujua wala haikuhitaji kujua.

Mpango huo ulikuwa na gharama, na si ya fedha tu. Duo za skrini za rangi zilizofuata zilikuwa nene kidogo kuliko za mwanzo, na hazikuingia kwenye sanduku la kwanza mpaka kifuniko chake kibadilishwe. Tofauti ndogo ya unene wa plastiki ilitosha kumwacha mtu na doki la bei kubwa lisilomfaa. Njia kuu ya prosesa ikitolewa nje, doki linafungamanishwa na prosesa, na prosesa ikibadilika doki linakufa nayo. Ukoo wa Duo ulifikia mwisho wake 1997. Wanaolikumbuka doki lake kama kichekesho cha uhandisi wana sababu zao, lakini kwa swali letu ndilo doki la kweli kuliko yote: idadi ya skrini ilikuwa mali ya doki, na ungeweza kuiona kwa macho.

Kampuni zilizouzia maofisi zilichagua njia ya pili, rahisi zaidi na isiyo na mbwembwe. Kwenye tumbo la ThinkPad au Latitude kulikuwa na kiunganishi kirefu chenye kifuniko. Mtu aliikalisha laptopu juu ya doki, akasikia mlio wa kunasa, basi. Yapo madoki machache ya ThinkPad yaliyobaki na nafasi ya kadi ya picha, urithi wa wazo la zamani, lakini kwa sehemu kubwa kilichoshuka kupitia kiunganishi kilikuwa ni picha iliyokwisha kuchorwa. Laptopu ilichora, doki likagawa. Hapa ndipo matundu yalipoanza kusema zaidi ya ukweli. Dell ilipoleta Latitude za mfululizo wa E mwaka 2008, doki lake kubwa, E-Port Plus, lilikuwa na matundu matano ya picha: DisplayPort mbili, DVI mbili na VGA moja. Chipu za Intel za kizazi cha 2011 zilizokuwa ndani ya laptopu hizo ziliweza kuendesha skrini mbili kwa wakati mmoja, ile ya laptopu yenyewe ikihesabiwa humohumo. Kizazi cha 2012 kikafikisha tatu. Mfanyakazi aliyebadilishiwa laptopu mwaka huo huku doki likibaki palepale juu ya meza aliona skrini ya tatu ikiwaka. Doki halikuongezwa hata skrubu. Ushahidi wa wazi kuliko huo kwamba uwezo ulikuwa umehama upande sijui.

Hata hivyo madoki hayo ya tumboni yalikuwa na uaminifu wa aina yake. Doki la Dell halikuingia kwenye ThinkPad, na hakuna aliyejaribu mara mbili. Mtengenezaji alijua ni laptopu zipi hasa zitakalia doki lake, na kitabu chake kikasema mashine hii skrini mbili, ile tatu. Msomaji anaweza kupinga: je, huku si kuusifu utumwa? Kila kampuni na kiunganishi chake, kila miaka michache umbo jipya, na ofisi nzima inatupa madoki mazima kwa sababu laptopu zimebadilika sura. Pingamizi hilo ni la kweli na silipunguzi. Mfumo ule ulikuwa wa ubadhirifu, na ulimfaa zaidi muuzaji kuliko mnunuzi. Ninachodai ni kitu kidogo zaidi: umbo la kiunganishi lilikuwa taarifa. Lilimwambia mtu asiyejua lolote kuhusu picha kwamba hiki na hiki vinakubaliana. Ulipoondolewa utumwa, taarifa hiyo nayo iliondolewa, na hakuna aliyefikiria kuirudisha kwa njia nyingine.

Njia ya tatu ilianzia Cambridge, Uingereza, mwaka 2003, kwa kampuni iliyoitwa Newnham Research na baadaye DisplayLink. Mmoja wa waanzilishi wake, Quentin Stafford-Fraser, alikuwa amekwisha kupata jina kwa jambo la mzaha: mwaka 1991 yeye na wenzake waliielekezea kamera birika la kahawa la maabara yao ili watu wasipande ngazi bure kulikuta tupu. Kutuma picha mahali ambapo haikutarajiwa kufika, basi, ilikuwa fani yake. Wazo la DisplayLink lilikuwa kupitisha skrini kwenye USB ya kawaida, na ugumu wake unaonekana kwa hesabu ya darasani. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 na kidogo. Kila nukta ina biti 24 za rangi, na picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Ukizidisha unapata karibu biti bilioni 3 kwa sekunde. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, ilibeba milioni 480, yaani chini ya moja ya sita ya kinachohitajika. Kwa hiyo picha haiwezi kuvuka ikiwa nzima. Draiva inaiambia kompyuta kwamba ina skrini nyingine, kompyuta inaichora ndani ya kumbukumbu, draiva inailinganisha na picha iliyotangulia, inachukua sehemu zilizobadilika tu, inazibana na kuzituma kama data ya kawaida. Ndani ya doki chipu inazifumua na kuzipeleka kwenye monita.

Kwa jedwali la hesabu au barua pepe njia hii ni nzuri kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya skrini haibadiliki kutoka sekunde moja hadi nyingine. Kwa filamu au mchezo kila nukta inabadilika, na prosesa ya laptopu inaanza kulipia kila skrini kwa jasho lake. Kwenye kompyuta za Apple draiva hiyo huomba ruhusa ya kurekodi skrini. Watumiaji wengi hushtuka, lakini ombi hilo linasema ukweli mtupu kuhusu kinachofanyika: picha inanakiliwa kisha inasafirishwa. Ndiyo sababu pia filamu zenye ulinzi dhidi ya kunakiliwa huonekana nyeusi kwenye monita hizo. Madoki ya namna hii ndiyo yanayotajwa kama ushahidi dhidi ya hoja yangu. Yanaweza kuongeza skrini mbili au tatu kwenye laptopu ambayo kwa vipimo vyake inaruhusu moja, kwa hiyo, husemwa, doki linazalisha skrini. Sidhani. Kinachochora bado ni laptopu, na doki linafumua tu kifurushi. Ukomo umehamishwa kutoka kwenye mitambo ya kutolea picha kwenda kwenye nguvu ya prosesa na upana wa USB. Umehama, haujaondoka, na mnunuzi anauona siku anapowasha mkutano wa video kwenye skrini moja na filamu kwenye nyingine.

Wakati DisplayLink ikibana, shirika la viwango vya picha, VESA, lilikuwa likipanua. DisplayPort ilizaliwa 2006, na toleo la 1.2, lililotangazwa Januari 2010, lilileta kitu kinachojulikana kwa herufi MST: mikondo kadhaa ya picha ndani ya kebo moja. Kebo ilipitisha biti bilioni 17.28 za picha kwa sekunde, zikatosha monita nne za 1920 kwa 1080, kila moja na picha yake, ama kwa kuunganisha monita moja nyuma ya nyingine, ama kwa habu ndogo ya kugawa. Habu nyingi za bei nafuu zenye HDMI mbili zina chipu ya MST ndani. Ila mgawaji hawezi kugawa asichopewa, na aliye upande wa pili wa kebo lazima akubali kutoa mikondo tofauti. Windows inakubali. macOS, mpaka sasa, haitumii MST kulitandaza dawati kwenye monita mbili tofauti. Inatoa mkondo mmoja, na habu inafanya kinachowezekana, yaani kuurudia. Yule mteja wa kwanza aliyeona picha ileile mara mbili, basi, ana Mac, na habu yake haina kasoro.

Kisha likaja tundu la USB-C. Maelezo yake ya kiufundi yalitolewa Agosti 2014: pini 24, plagi isiyo na juu wala chini, umeme na data na picha kupitia mlango mmoja. Machi 2015 Apple ilitangaza MacBook ya inchi 12 yenye tundu moja tu la aina hiyo, chaja ikiwa imechukua nafasi ya kila kitu kingine, na biashara ya habu ikalipuka duniani kote. Lakini tundu hili lina njia nne tu za kasi, na hapo ndipo mteja wetu wa tatu, mwenye kishale kinachorukaruka, anapopata jibu lake. Akitaka picha na USB ya kasi kwa pamoja, njia mbili zinakwenda kwa picha na mbili kwa data. Kwa laptopu ya enzi ya DisplayPort 1.2, nusu ya 17.28 ni 8.64. Monita ya 4K ina nukta karibu milioni 8.3, na kwa kuchora mara 60 kwa sekunde inahitaji biti karibu bilioni 12. Hazitoshi. Ikichorwa mara 30 inahitaji bilioni 6, zinatosha, na hivyo ndivyo habu hiyo inavyofanya bila kumwuliza mtu, kishale kikibaki kurukaruka. Kuna habu zinazotoa njia zote nne kwa picha na kurudisha USB kwenye kasi ya mwaka 2000. Nyingine hutegemea DisplayPort 1.4 ya 2016, ambayo kwa njia mbili hubeba 12.96, ikatosha kwa shida. Habu zote hizi kwa nje zinafanana, na juu ya boksi zimeandikwa 4K.

Fujo ya USB-C haikuishia kwenye picha. Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza mwishoni mwa 2015 kununua kebo zilizouzwa Amazon na kuzipima moja moja, na mwanzoni mwa 2016 kebo iliyounganishwa vibaya iliiharibu laptopu aliyokuwa akiipimia. Machi mwaka huo Amazon ikapiga marufuku kebo za USB-C zisizofuata kanuni. Na majina nayo: USB 3.0 ya 2008 ikaja kuitwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, na kasi yake ikabaki bilioni 5 zilezile. Ni vigumu kutodhani kwamba aliyeyatunga hakuwahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka.

Njia ya nne ni Thunderbolt ya Intel na Apple. Ilionekana kwanza Februari 2011 ikiwa imevaa umbo la DisplayPort ndogo, na mwaka 2015, katika toleo lake la 3, ikavaa umbo la USB-C. Ilibeba biti bilioni 40 kwa sekunde, na ndani yake ilipita mikondo miwili ya picha pamoja na njia ya ndani ya kompyuta, PCI Express. Kwa maneno mengine, kile Duo ilichokitoa nje kwa pini zaidi ya 150 kilirudi kupitia pini 24. Kwa miaka michache ilionekana doki lingerudishiwa mitambo yake: masanduku yenye kadi kamili ya picha yaliuzwa, yakachomekwa kwenye laptopu nyembamba, na Apple ikayaunga mkono rasmi 2018. Doki liliweza kuchora tena. Kisha Apple ikahamia chipu zake yenyewe, ambazo haziyakubali masanduku hayo, na mlango huo kwa upande wake ukafungwa.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoleta kisa kinachoonyesha jambo zima kwa uwazi kuliko kingine chochote. MacBook Air ya mwanzoni mwa 2020, yenye prosesa ya Intel, iliweza kuendesha monita mbili za nje za 4K. Ile ya Novemba mwaka huohuo, yenye chipu ya M1, iliweza moja. Kasha lilikuwa lilelile kwa macho ya kawaida, lenye matundu mawili ya umbo lilelile ubavuni kushoto. Mashine ilikuwa na kasi zaidi, haikuwa na feni, betri yake ilidumu zaidi, na skrini moja ilikuwa imepotea. Watu waliokuwa na doki zuri la Thunderbolt mezani walililaumu, kama yule mteja wetu wa pili aliyebaki na skrini nyeusi. Mac mini yenye chipu ileile ya M1 iliendesha monita mbili, na siri iko hapo: chipu iliweza kuchora skrini mbili kwa jumla, na kwenye laptopu moja ilikuwa ni ya laptopu yenyewe. Machi 2024, kwa MacBook Air ya M3, Apple iliruhusu monita ya pili kwa sharti kwamba kifuniko kifungwe. Machi 2025, kwa MacBook Air ya M4, sharti likaondoka. Katika miaka yote hiyo doki la 2019 lililokaa mezani lingeweza kuonekana zima, bovu, nusu zima na zima tena, kutegemea nani amekaa mbele yake.

Kuna pingamizi la mwisho, na ni zito kuliko mengine. Mnunuzi wa kawaida hapaswi kusoma historia ili anunue habu, na viwango vipya vinaelekea kumwondolea mzigo huo. Thunderbolt 4, iliyotangazwa 2020, inamlazimisha mtengenezaji kuhakikisha kwamba kompyuta inaweza kuendesha monita mbili za 4K, vinginevyo asitumie jina hilo. Naikubali hoja hii nusu. Jina hilo kweli limekuwa ahadi, na jambo la kuvutia ni kwamba Apple haikuyaita matundu ya M1 Thunderbolt 4. Iliyaita Thunderbolt / USB 4, na katika mlazo ule mdogo ndimo ilimojificha skrini iliyokosekana. Karatasi ilisema kweli kwa anayejua kuisoma. Lakini ahadi inayohitaji mtu atofautishe namba 4 iliyokaa mbele ya jina moja na namba 4 iliyokaa mbele ya jina jingine haijafikia uwazi wa kile kiunganishi cha tumboni kilichokataa tu kuingia. Isitoshe, inahusu mashine mpya za bei ya juu.

Na laptopu nyingi zinazonunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue si mpya. Ni mashine zilizotumika kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, zile ambazo Nairobi huitwa ex-UK hata zikiwa zimetoka kwingine, na mara nyingi doki lililozaliwa nazo halikusafiri nazo. Hukutana na habu mpya ya bei rahisi ambayo hazikuwahi kujuana nayo. Kwa mnunuzi huyo mpangilio wa kuchagua unapaswa kugeuzwa: aanze na laptopu. Atafute modeli kamili, ile iliyoandikwa chini ya kasha au kwenye mipangilio ya mfumo, kisha asome kwenye karatasi ya mtengenezaji ni skrini ngapi za nje inaendesha na kwa nukta ngapi. Zikitosha na mashine ni ya Windows yenye tundu la USB-C linalotoa picha, habu ya MST ya bei ya chini inamtosha, mradi ajue kama monita zake ni za 4K. Kama ni Mac inayoruhusu mbili, doki la Thunderbolt, au hata kebo mbili kwenye matundu mawili bila doki lolote, ambalo ni jibu rahisi kuliko yote na halina anayelitangaza kwa sababu halina cha kuuza. Kama karatasi inasema moja na yeye anataka mbili kwa kazi za maandishi, doki la DisplayLink, akijua kwamba prosesa ndiyo itakayolipa. Na kama tundu la laptopu lina umbo la USB-C lakini limetengenezwa kwa data na chaja tu, kama zilivyo laptopu nyingi za bei ya chini, hakuna habu ya MST wala ya Thunderbolt itakayowasha hata skrini moja.

Umbo hilo litazidi kuenea. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2022/2380 lilianza kuzibana simu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa laptopu tarehe yake ni 28 Aprili 2026: zinazouzwa huko na zinazoweza kuchajiwa kwa kebo zipokee umeme kwa USB-C. Kuhusu picha agizo hilo halidai kitu. Laptopu hizo zitakapomaliza kazi maofisini na kupakiwa kuja huku, mashine ya skrini nne na mashine isiyo na hata moja ya nje zitakuwa na mlango uleule ubavuni, na chaja moja itazitosha zote.